Vitu vya Nyumbani kama Mashahidi wa Uhamiaji katika Katanga

1. Utangulizi

Sehemu kubwa ya historia ya mji wa Lubumbashi imeandikwa kutokana na karatasi. Karatasi hizo zilitoka katika ofisi za utawala wa Kibelgiji, katika madaftari ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906, na katika yale ya Bourse du Travail du Katanga, shirika lililoanzishwa mwaka 1910 kwa kazi ya kuandikisha vibarua. Mtafiti anayezifungua hukuta hesabu za watu: wangapi walifika, kutoka wapi, kwa mkataba wa muda gani, wangapi walikufa, wangapi walitoroka. Hakuti walichobeba mikononi, walichopika jioni ya kwanza, wala jina walilokipa chakula walichokikuta kwa jirani. Mwenye kuandika hesabu huandika yale yanayoifaa kazi yake, mengine huyaacha.

Hayo mengine hayakupotea yote. Baadhi yake yamo majumbani, chini ya vitanda, jikoni na ukutani, katika vitu ambavyo wenyewe hawaviiti historia. Makala haya yanaeleza jinsi vitu vya kawaida vinavyoweza kutumiwa kuchunguza uhamiaji wa watu katika eneo lililokuwa jimbo la Katanga hadi lilipogawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015. Mifano iliyochaguliwa ni minne: kipande cha shaba, mwiko pamoja na mfuko wa posho, sanduku la bati, na picha ya sebuleni.

Haja ya uchunguzi wa namna hii si ya kitaaluma tu. Katika Katanga swali la nani mwenyeji na nani mgeni limekwisha kuwatoa watu majumbani mwao na kuwaua wengine. Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa kelele kabla halijajibiwa kwa ushahidi. Vitu vya nyumbani ni ushahidi, ila ni ushahidi unaotaka kuhojiwa kwa utaratibu.

2. Njia isiyo ngeni

Huenda msomaji akadhani kwamba kukitumia kitu kama hati ni mtindo uliobuniwa katika vyuo vya Ulaya. Sivyo. Waluba wa bonde la Upemba na nchi iliyo jirani nalo walikuwa na chombo kiitwacho lukasa: kibao cha mti, chembamba kiunoni, kinachoenea katika mkono wa kushoto, na juu yake zimepachikwa shanga na makombe. Wajuzi wa chama cha Bambudye walipitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga hizo huku wakisimulia asili ya ufalme, safari za mashujaa wake, orodha ya wafalme na mahali patakatifu. Shanga moja iliweza kusimama badala ya mtu, kijiji au ziwa. Mstari wa shanga uliweza kuwa njia.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba lukasa haikusema peke yake. Bila mjuzi ilibaki kibao chenye mapambo, na wajuzi wawili waliweza kuisoma kwa namna mbili kulingana na shughuli na hadhira. La pili ni kwamba shanga za kioo na kauri zilizopachikwa kwenye vibao vya namna hiyo hazikuzaliwa Upemba. Zilitoka mbali, mikononi mwa wafanyabiashara wengi, na kauri zilianzia pwani za Bahari ya Hindi. Hivyo chombo kilichotumika kukumbuka asili ya watu wa bara kiliundwa kwa vitu vilivyokuwa vimesafiri kutoka baharini. Mtafiti wa leo anayeingia katika nyumba ya Kamalondo au ya Katuba akiwa na kalamu hana budi kukumbuka yote mawili.

3. Maswali manne

Ili kitu kitoe ushahidi, mtafiti hukiuliza maswali manne, kwa mpangilio huu.

(a) Kimeundwa kwa nini, na malighafi yake ilitoka wapi? Swali hili hujibiwa kwa macho na mikono kabla ya maneno: uzito, kutu, mshono, alama ya kiwanda, mahali palipotengenezwa upya.

(b) Kinaitwaje, na kwa lugha ngapi? Majina ya vitu ni tabaka za historia. Katika Kiswahili cha Lubumbashi mtu huketi mezani, neno lenye asili ya Kireno. Hulia kwenye sahani, neno la Kiarabu. Huhesabu falanga, neno la Kifaransa. Na husikia motokari ikipita nje, neno la Kiingereza. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililoletwa na mtu mmoja kwa siku moja.

(c) Kilipita mikononi mwa nani? Hapa ndipo simulizi inapoanza: nani alikinunua, nani alirithi, nani alikiweka rehani, nani alipewa siku ya harusi.

(d) Kimebadilisha kazi mara ngapi? Kitu kinachohama mara nyingi huhama pia katika matumizi. Chombo cha kupikia huwa chombo cha kupandia maua. Fedha huwa pambo. Zawadi huwa bidhaa ya kuuza siku ya njaa.

Maswali haya yanaonekana mepesi. Ugumu wake hujulikana yanapotumiwa kwa kitu kimoja hadi mwisho.

4. Kipande cha shaba

Kitu mashuhuri kuliko vyote katika Katanga ni kile kipande cha shaba chenye mikono minne ambacho watu wamezoea kukiita msalaba. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo mahali pengi katika bonde la Upemba. Makaburi hayo yalitoa vyungu, vito, silaha na misalaba ya shaba, na kwa kuyapanga kwa umri wake iliwezekana kufuata mabadiliko ya kitu hicho kwa muda wa karne kadhaa.

Misalaba ya mwanzo ni michache na mikubwa, na mingine iliwekwa juu ya kifua cha marehemu. Katika makaburi ya baadaye, hasa yale ya baina ya karne ya 14 na ya 18, misalaba inakuwa mingi, midogo na yenye vipimo vinavyokaribiana, na mara kwa mara inakutwa karibu na mikono au nyonga. Kitu kinachopungua ukubwa, kinachoongezeka idadi na kufanana kwa vipimo ni kitu kinachoelekea kuwa fedha. Hakuna andiko lolote la zama hizo linalosema kwamba ilikuwa hivyo. Ni vitu vyenyewe, kwa kupangwa na kulinganishwa, vilivyotoa fununu hiyo.

Swali la malighafi linafungua jambo jingine. Bonde la Upemba halina shaba. Shaba iko kusini, katika ukanda unaopita Kolwezi, Likasi na Lubumbashi na kuingia Zambia. Basi kila msalaba uliozikwa Sanga ni alama ya safari: kuna waliochimba na kuyeyusha, kuna waliobeba, na kuna waliopokea, bila shaka kwa kutoa kitu kingine. Misalaba ya namna hiyo imepatikana pia Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi, katika makaburi ya watu waliokuwa na shanga na nguo za kutoka pwani ya mashariki. Kabla ya kuwapo mipaka ya wakoloni, kitu kimoja kilikuwa kimeunganisha mabonde mawili yaliyo mbali sana.

Katika karne ya 19 njia hizo ziliongezewa nyingine. Wayeke, wenye asili ya Wasumbwa na Wanyamwezi wa magharibi ya Tanzania ya leo, walifika kwa biashara ya shaba na pembe, na kiongozi wao Msiri akajenga dola yake huko Bunkeya. Walikuja na ufundi wa kuvuta shaba kuwa waya mwembamba wa kutengenezea bangili. Misafara iliyotoka Bunkeya ilielekea pwani zote mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Angola, ikipeleka pembe, shaba na watumwa, na ikirudi na nguo, baruti na bunduki. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold II.

Swali la jina nalo lina somo lake. Neno msalaba lilikuja na dini na macho ya wageni. Umbo lenyewe lilikuwapo karne nyingi kabla ya padri wa kwanza kufika, na mtu aliyezikwa nalo Sanga hakuwa Mkristo. Anayelisoma jina bila kukisoma kitu atapotea. Kadhalika swali la kazi: mnamo mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza kuwa dola huru, misalaba mitatu ya rangi ya shaba iliwekwa katika bendera yake, ikabaki humo hadi kujitenga kulipokoma Januari 1963. Kitu kilichokuwa kimesafiri kwa karne nyingi baina ya watu wa lugha mbalimbali kikafanywa alama ya kutenga nchi moja na nyingine. Historia yake nzima inapingana na kazi hiyo ya mwisho.

5. Mwiko na mfuko wa posho

Kutoka makaburini ni vizuri kuingia jikoni. Chakula kikuu cha Lubumbashi ni bukari, na chombo chake ni mwiko wa mti. Mwiko hauna alama ya kiwanda wala tarehe. Lakini ukiulizwa unasonga nini, majibu huwa mengi. Mkaaji wa mjini husema bukari. Mbemba husema ubwali. Mluba wa Kasai husema bidia au nshima. Mgeni kutoka Tanzania husema ugali. Bukari na ubwali yanakaribiana kwa sauti, ingawa ukaribu wa sauti peke yake hautoshi kuthibitisha nani aliazima kwa nani. Lililo wazi ni kwamba mwiko mmoja, katika ua mmoja wa wapangaji, umesonga vyakula vyenye majina manne na kila mmoja akadhani majirani wanakosea kidogo.

Unga nao ni mhamiaji. Mahindi na muhogo yote mawili yalitoka Marekani ya kale, yakaingia Afrika ya Kati hasa kupitia pwani ya Atlantiki baada ya kuja kwa Wareno. Mtu anayesema kwamba bukari ya mahindi ni chakula cha mababu tangu mwanzo wa dunia, na mwingine anayesema hivyo hivyo juu ya muhogo, wanashindania urithi ambao wote wawili waliupokea kwa njia.

Lakini mahindi hayakuutawala mji kwa sababu ya ladha tu. Union Minière ilikuwa na maelfu ya watu wa kulisha, na mashamba ya walowezi kando ya reli ya Rhodesia yalikuwa na mahindi ya kuuza. Unga ulikuja kwa magunia, ukagawiwa kambini kwa vipimo. Ugawaji huo uliitwa posho, na neno hilo lina safari yake pia. Katika misafara ya karne ya 19 kutoka pwani, posho ilikuwa fungu la chakula la mpagazi, au nguo na shanga alizopewa akanunulie chakula kijijini. Msafara ulipokoma, neno halikukoma. Lilihama kutoka kwa mpagazi kwenda kwa mchimba madini, likabaki na maana ileile: chakula anachopewa mtu na yule anayeimiliki kazi yake.

Mfuko wa posho unaeleza jambo ambalo daftari la kampuni hulisema kwa ukavu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwaandikisha watu kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwakubalia kuja na wake zao. Posho ikahesabiwa kwa mume, mke na watoto. Kwa hiyo ukubwa wa mfuko uliobebwa na mwanamke kutoka mahali pa ugawaji ulikuwa kipimo cha jamaa yake, na ndoa isiyotambuliwa na kampuni ilionekana kwa wepesi wa mfuko. Katika nyumba ya mchimba madini, kambi ilizaa namna mpya ya kuwa baba: baba wa nyumba alikuwapo, na juu yake alikuwapo baba mwingine, kampuni, aliyelisha.

Ndiyo maana kuanguka kwa Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu kutaifishwa kwa mwaka 1967, kulisikika kwanza jikoni. Uzalishaji wa shaba ulizidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka 1993 haukufika tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mtafiti akiomba kuonyeshwa mfuko wa posho leo, huenda akaonyeshwa gunia lililochakaa linalotiwa makaa ya kuuza. Gunia hilo ni hati ya mabadiliko: mke aliyepokea unga kwa namba ya mumewe amekuwa mfanyabiashara anayemlisha mume huyo.

6. Sanduku la bati

Kitu cha tatu ni sanduku la bati lenye kufuli, ambalo katika familia nyingi za wafanyakazi lilikaa chini ya kitanda. Ndani yake huwekwa vikwembe vya sikukuu, vyeti, picha na fedha. Vikwembe vyenyewe vina safari ndefu: vitambaa vya waksi vilianza kutengenezwa Uholanzi kwa kuiga batiki za Java, vikakataliwa na soko la huko, vikapokelewa Afrika. Lakini sanduku ndilo la kuhojiwa kwanza, kwa kuwa liliundwa kwa ajili ya safari.

Safari hizo zinafuata reli. Reli ya kusini ilifika Sakania mwaka 1909 na Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910. Miaka ya mwanzo wafanyakazi wengi walitoka upande huo: Rhodesia ya Kaskazini, bonde la Luapula, na Nyasaland. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, na mwaka 1928 ikaungana na Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, katika Kasai. Katika muongo huohuo kampuni iligeuza uso wake. Badala ya kutegemea watu waliotoka katika koloni la Waingereza, iliandikisha watu wa Lomami, wa Kasai, na tangu mwaka 1925 pia wa Ruanda-Urundi. Mahali lilikonunuliwa sanduku, basi, ni swali lenye uzito. Sanduku la Ndola na sanduku la Luluabourg yanaweza kufanana kwa bati na rangi, lakini ni vipindi viwili vya historia ya kazi.

Mambo madogo yanafaa kuandikwa: jina au namba iliyopakwa rangi juu ya kifuniko, kufuli la kwanza na kufuli la pili, nani alishika ufunguo, mume au mke, lini sanduku liliacha kusafiri na kuwa kabati. Tarehe ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Siku familia iliponunua kabati la mbao na kulisukuma sanduku chini ya kitanda, ndiyo siku ilipoamua kwamba haiko safarini tena. Utawala wenyewe ulijua thamani ya alama hizo. Kadi ya sifa za kiraia iliyotungwa mwaka 1948, na baadaye utaratibu wa kusajiliwa wa mwaka 1952, vilidai kwamba Mwafrika aonyeshe kuwa ameacha maisha ya kale, na hali ya nyumba yake, kitanda, meza na namna ya kula, ilipimwa. Vitu vya nyumbani vilitoa ushahidi mbele ya wakaguzi miaka mingi kabla ya mtafiti yeyote kuvifikiria.

Kisha sanduku likatolewa tena chini ya kitanda. Kuanzia Agosti 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walishambuliwa na kufukuzwa majumbani mwao. Wengi wao walizaliwa Katanga, na baba au babu zao waliletwa na makampuni kwa mikataba. Nyumba ziliporwa au kuachwa, mali iliuzwa kwa bei ya kutupa. Watu walilala kwa wiki na miezi katika stesheni na shule wakingoja treni, wengine wakafa hapo kwa maradhi na njaa. Waliong'olewa kwa namna hiyo walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Reli ileile iliyowaleta babu ndiyo iliyowatoa wajukuu, na safari hii hapakuwa na mkataba.

Mtu aliyepewa muda mfupi wa kuchagua atachukua nini hutoa ushahidi ambao hakuna mahojiano mengine yanayoweza kuutoa. Cherehani ni nzito, lakini ni kazi. Kitanda ni fahari, lakini hakibebeki. Vyeti ni vyepesi, na huenda vikakubaliwa mahali fulani. Orodha ya vilivyochukuliwa, vilivyouzwa na vilivyoachwa kwa jirani ni orodha ya yale ambayo familia iliamini kuwa yatafaa katika nchi ya mababu ambayo watoto wake hawakuwa wameiona.

7. Picha ya sebuleni

Kitu cha nne kiko ukutani. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliwauzia wafanyakazi na makarani picha za kutundika sebuleni: Mamba Muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, kijiji chenye amani, msafara wa watumwa, askari akimchapa mfungwa chini ya bendera ya Ubelgiji. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha hizo, walikuta kwamba wenyewe walizipanga chini ya wazo moja la Kiswahili: ukumbusho. Picha nzuri ilikuwa ile inayokumbusha, na inayowafanya wageni waliokaa sebuleni kuanza kusimulia.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja juu ya historia ya nchi na kumweleza Fabian kila moja kwa Kiswahili. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Kabla yake, mwaka 1965, André Yav alikuwa ameandika kwa Kiswahili cha mji historia ya Élisabethville kwa macho ya watumishi wa nyumbani. Kazi hizo mbili zinathibitisha kwamba watu wa mji walikuwa na historia yao na lugha ya kuielezea. Kilichokosekana ni msomaji wa kuipa hadhi ya historia.

Picha ya kijiji inastahili kuangaliwa kwa makini. Mara nyingi nyumba, mto na mitende iliyochorwa humo si ya mahali maalum. Mbemba, Mluba na Mkanyoka wangeweza kuinunua picha ileile na kila mmoja akaona kwao. Hivyo picha haithibitishi ulikotoka; inathibitisha kwamba mtu wa mji alihitaji kuwa na alikotoka, na kwamba haja hiyo ilikuwa moja kwa watu wa asili nyingi.

8. Tahadhari

Njia hii ina hatari zake, na mwanafunzi azijue kabla ya kubisha hodi.

Kwanza, kitu si cheti cha kabila. Mwiko, sanduku na kikwembe hupita kwa ununuzi, ndoa na ujirani. Anayetumia vitu ili kuonyesha kwamba nyumba hii ni ya Wakasai na ile ni ya Wasanga anarudia kosa la daftari la kampuni, na katika Katanga kosa hilo si la karatasi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, vijana wengi kutoka Kasai walipofika tena Lubumbashi na Kolwezi kutafuta kazi, maneno ya miaka ya 1990 yalisikika tena.

Pili, swali la kitu kimepita mikononi mwa nani linaweza kuumiza. Kitanda kilichonunuliwa kwa bei ndogo mwaka 1993 huenda kilikuwa cha jirani aliyefukuzwa. Mwenye nyumba anayejibu kwa mkato, au anayebadilisha mazungumzo, amekwisha jibu. Mtafiti hana ruhusa ya kumlazimisha, wala ya kuandika jina lake.

Tatu, vitu vilivyobaki si vitu vyote. Maskini huacha vichache, na kinachotumiwa hadi kuisha hakiingii jumba la makumbusho. Kutokuwapo kwa kitu nako kuandikwe: nyumba isiyo na sanduku, ukuta wenye msumari usio na picha.

Nne, kitu kibaki kwa mwenyewe. Tangu mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, wamekusanya masimulizi, picha na vitu vya wakaaji na kuvionyesha hapohapo mjini, mbele ya wale waliovitoa. Utaratibu huo unafaa kufuatwa. Mwanafunzi akipime kitu, akichore, aandike majina yake yote, atie njia zake kwenye ramani, kisha akirudishe mahali pake. Na aanze na nyumba ya wazazi wake mwenyewe, ili ajue jinsi inavyokuwa kuulizwa.

9. Hitimisho

Mifano minne iliyotolewa inakubaliana katika jambo moja. Shaba ya Sanga ilitoka kusini. Mahindi yalitoka ng'ambo ya bahari na kuja kwa gunia la Rhodesia. Sanduku liliingia kwa treni na huenda likatoka kwa treni. Picha ya kijiji ilichorwa mjini. Katika nyumba ya Katanga ni vigumu kupata kitu ambacho njia zake zote zinaishia mahali pamoja, na ni vigumu vilevile kupata mtu wa namna hiyo.

Hilo halifuti tofauti za asili, wala halimwambii mtu asijue kwao. Linaonyesha tu kwamba kuwa mwenyeji, katika nchi hii ya shaba, kumekuwa jambo la kufika, kufanya kazi, kula pamoja na kuzika pamoja, zaidi kuliko jambo la kutangulia. Ushahidi wa hayo hauko mbali. Upo jikoni na chini ya vitanda, na walio na uwezo wa kuusimulia ni wazee ambao idadi yao inapungua kila mwaka. Kazi ya kuwauliza ni ya wanafunzi walioko chuoni sasa.